Bi Mwanamkuu na Kibali cha Kunguru

Katika Kariakoo nzima, mwaka ule wa sabini na tatu, mwanamke mwenye kibali cha kuua kunguru alikuwa mmoja tu, naye ni Bi Mwanamkuu, muuza kuku. Alikiomba baada ya kunguru wenye shingo za kijivu, wale waliojaa mjini kama wamealikwa harusi, kumnyang'anya vifaranga kumi na mmoja kwa wiki moja. Tangu hapo, kila jioni kabla ya kufunga, aliweka matumbo ya samaki kwenye mtego wake wa waya. Asubuhi aliwanyonga walionaswa, haraka haraka, huku akiwaomba radhi kwa sauti ndogo.

Kibali kilikuwa na sharti moja. Kunguru wetu wa zamani, yule mwenye kifua cheupe kama fulana mpya, aachiwe. Akionekana hata mmoja kati ya waliokufa, kibali kinarudi ofisini. Na bila kibali, vifaranga ndiyo kwaheri.

Siku ya ukaguzi alikuja Ndugu Aristides, afisa wa wanyama, kijana mwenye Kaunda suti iliyopigwa pasi ikakubali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo wamo watatu."

Wawili shingo zao zilikuwa za kijivu, akawamaliza. Wa tatu alikuwa mweusi tii, kichwa hadi mkia.

"Na huyo nyonga tu, mama. Nina mitego mingine Ilala."

Bi Mwanamkuu akamshika, mkono ukasita. Ndege alikuwa mzito kuliko wenzake, mdomo mnene. Halafu akalia, si kwa kelele zile za kugombea foleni, bali kwa sauti nzito ya mtu aliyeamshwa vibaya.

Kasmir, muuza mkaa wa jirani, akacheka. "Mama Kunguru leo kaingiwa na huruma! Au huyo shemeji yako?"

"Kasmir, niletee maji."

"Unamwosha maiti kabla hajafa?"

"Lete maji, bwana! Na uniambie, jana jioni magunia yako ulikung'utia wapi?"

Kasmir alitazama mtego, akatazama magunia, akaenda kuleta ndoo.

Bi Mwanamkuu akamzamisha ndege hadi shingoni, akamsugua taratibu kwa kidole gumba. Maji yakawa meusi kama wino. Kifua kikatokea, cheupe pe. Maskini, alinaswa tangu jana, akalala chini ya vumbi la mkaa.

Ndugu Aristides aliinama kumtazama ndege. "Na mimi nilisema nyonga."

"Ulisema, mwanangu. Kasmir alikusikia."

"Mimi? Mimi nauza mkaa," Kasmir akawahi kujibu.

Bi Mwanamkuu alifungua mikono. Kunguru akaruka hadi kwenye bati la jirani, akajikung'uta, na matone yakamfikia afisa shavuni. Bi Mwanamkuu akaangalia pembeni asicheke.

Afisa akafuta uso, akatoa kalamu. Alikiongezea kibali mwaka mzima, kisha chini ya sharti la kwanza akaandika jingine kwa mkono wake, akamsomea: ndege mwenye shaka aoshwe kwanza.

"Na maji nitoe wapi kila siku?"

"Kwa ndugu huyu," afisa alisema, akimwelekezea kalamu Kasmir. "Niandike na hilo?"