Dobi Aliyeshika Soksi ya Penalti

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumamosi, Bi Nunu binti Khalil anapindua soksi. Anatia mkono mpaka kwenye vidole, anavuta, soksi inageuka ndani nje, anaikung'uta juu ya ndoo, kisha anaitupa kwenye fungu lake. Ndani ya ndoo zinadondoka chenga nyeusi za mpira, zile za viwanja vya nyasi bandia.

"Dobi mvivu hapindui," anasema, macho yakiwa kwenye kazi. "Anatia mashineni hivyo hivyo. Baada ya mwezi bomba limeziba, anamlaumu aliyemuuzia mashine. Mie soksi moja moja. Nna miaka saba hapa na bomba langu halijaziba hata siku moja, mashallah."

Tulifika kwenye duka lake la dobi, mtaa wa nyuma wa Al Amerat, kuandika habari za kanzu. Bi Nunu anafua na kupiga pasi kanzu zipatazo mia mbili kwa wiki, baisa mia tatu kila moja, nyingi za wafanyakazi wa serikali wanaovuka mlima kila asubuhi kwenda kazini Maskati. Sifa za pasi yake zimefika mpaka Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa wenye nazo. Kanzu tukaziona, safu kwa safu, kola zimesimama. Lakini asubuhi ile hakuna aliyekuwa na habari nazo.

Habari ilikuwa mafungu mawili sakafuni. Moja la jezi za rangi ya damu ya mzee, za Chuo cha Jabal. La pili la samawati, za Chuo cha Pwani. Vyuo hivi viwili havipikiki chungu kimoja, na jezi za vyote viwili zinafuliwa na mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka hamsini na saba.

Jana yake, Ijumaa jioni, walikutana fainali ya kombe la vyuo. Jabal wakashinda bao moja kwa bila. Bao lenyewe la penalti, dakika ya themanini na nane, baada ya mshambuliaji wao Humam kuanguka ndani ya eneo la hatari. Pwani wanasema hakuguswa, alijiangusha. Jabal wanasema alipigwa teke na dunia nzima iliona.

Dunia nzima haikuona. Mwanafunzi aliyepewa kazi ya kurekodi mechi kwa simu alipagawa Humam alipochukua mpira, akaanza kuruka na simu yake mkononi, na kilichobaki ni migongo ya watu na kipande cha bendera. Ndiyo maana, siku ya mapumziko, watu wazima na akili zao wamekaa kwenye benchi la dobi wakigombana kabla hata ya kunywa chai.

"Hakuguswa!" Huyo ni Thani, mfanyakazi wa benki, aliyehitimu Pwani miaka kumi na minne iliyopita na hajakosa mechi tangu hapo. Amekuja na kanzu tatu za kufua, ziko mapajani, na hana haraka ya kuzitoa. "Upepo umempiga. Tumefungwa na upepo!"

"Upepo umevaa kiatu," anajibu Mazoon, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa Jabal na kiongozi wa washangiliaji wao. Amekuja kuchukua jezi, akijua vizuri kwamba hazijafuliwa. "Kombe liko kwetu, ami Thani. Njoo upige nalo picha, hatukuzuii."

"Kombe la wizi hilo. Mpira wote ulikuwa wetu. Tumepiga mashuti kumi na moja, miti tumeigonga mara mbili. Nyie mmefika golini mara ngapi?"

"Mara moja. Imetosha."

"Mashuti kumi na moja, na mlinda mlango wao alikuwa hoi!" Bi Nunu anapaza sauti kutoka ndani, na Thani anapiga makofi kwa kupata mtu wa upande wake.

Hapo ndipo tulipojua. Hajar, binti yake Bi Nunu, alisomea uhasibu Pwani, na tangu siku alipovaa joho mama yake akajihesabu mtu wa Pwani. Jabal wanalijua hilo na hawajawahi kulalamika. "Sabuni ni ile ile, maji ni yale yale," anasema. "Ushabiki nnauacha mlangoni na viatu."

Ijumaa ile aliuacha wapi, tukamuuliza. Anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Jana mie nilikuwa mbele kabisa, na kofia yangu ya samawati. Kijana alivyoanguka, nilisimama. Nikapiga ukelele, 'Inuka, mwongo mkubwa we!' Wallahi uwanja mzima umesikia. Na yeye kasikia, akageuka akanitazama. Miaka minne nnamfulia jezi, ananijua." Akacheka tena, lakini safari hii kidogo.

Kisha akaingiza mkono kwenye soksi nyingine ya damu ya mzee, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga.

Kila soksi anayoifua Bi Nunu ina namba ndani, ameishona mwenyewe kwa uzi mweupe ili wachezaji wasigombane. Hii ilikuwa na namba tisa. Tisa ni Humam. Upande wa ndani wa kifundo cha mguu wa kushoto, soksi ilikuwa imetoboka matundu matatu yaliyopangana, la mwisho limechanika urefu wa kidole kizima, na damu imekauka pembeni yake. Matundu ya njumu yalionekana hata kwetu tusiojua kufua.

Bi Nunu aliitazama, akaigeuza nje, akaitazama tena. Halafu akatutazama sisi.

"Hamjaona kitu," akasema.

Kuelewa kwa nini alisema vile, inabidi kurudi nyuma kidogo. Bi Nunu alizaliwa Ng'ambo, Unguja, akaletwa Maskati akiwa na miaka sita. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa chumba kimoja Sidab, watu saba, na mama yake, marehemu Bi Balqees, akishona kofia kuwalisha. Alipokua aliolewa, akazaa, na alipofika miaka thelathini na moja akapata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja ya serikali. Alikaa huko miaka kumi na tisa, mingi katika hiyo akiwa msimamizi, na alipostaafu akafungua duka hili kwa kiinua mgongo chake.

"Hospitali ndiyo iliyonifundisha kunyamaza," anasema. "Shuka inakwambia mambo ambayo mgonjwa hajamwambia hata mkewe. Ukianza kuyasema, umekwisha. Hapa hivyo hivyo. Nnakuta barua, nnakuta dawa, siku moja nimekuta pete ya posa na mwenyewe kwao hajasema. Natia kwenye bahasha, naandika jina, khalas."

Kwa hiyo alikuwa na soksi mkononi na mashabiki wawili mlangoni. Akiitoa nje, amevunja amana ya kazi yake, na timu gani tena itamletea nguo? Akiitumbukiza kwenye mashine, timu yake inabaki na cha kulalamikia, na kijana aliyemwita mwongo mbele ya uwanja mzima ataendelea kuitwa mwongo mpaka amalize chuo. Nje, Thani alikuwa ameshampa Humam jina jipya, Bwana Telezi, na alikuwa akilirudia kwa raha zake.

Bi Nunu hakufanya hili wala lile. Alikausha mikono, akachukua simu.

"Humam, mwanangu? Mie Bi Nunu, dobi. Njoo mara moja. Pita mlango wa nyuma."

Alifika baada ya robo saa, kwao ni jirani. Kijana wa miaka ishirini na miwili, mrefu, kanzu safi, anachechemea kidogo na hataki ionekane. Familia yake ilirudi Oman kutoka Tabora enzi za babu yake, na Kiswahili anachozungumza ni cha bibi yake, cha taratibu. Alisimama karibu na mlango kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Hii yako?" Bi Nunu akamwonyesha soksi.

"Yangu, mama."

"Nionyeshe mguu."

Akainua kanzu kidogo. Kifundo kilikuwa na plasta, na pembeni pameiva kwa uvimbe.

"Basi nisamehe," Bi Nunu akasema. Sauti ile ya kupiga kelele uwanjani haikuwepo tena. "Jana nimekuita mwongo mbele za watu, na nimekukosea. Nguo hii ni yako. Ukitaka niitoe nje sasa hivi niwaonyeshe wale, naitoa. Hutaki, naifua na hakuna atakayejua."

Humam aliitazama soksi. Akajikuna shingo.

"Ifue tu, mama."

"Kwa nini? Si wanakuvunjia heshima?"

"Wanavunja. Lakini..." Akatutazama sisi na daftari letu, akamtazama yeye, kisha akaamua liwalo na liwe. "Teke nimepigwa kweli. Ila lilinikuta nishaanza kuanguka. Nilimwona beki anakuja, nikajisemea hapa napata penalti, nikaanza kushuka. Halafu na yeye akanipiga kweli!"

"Lo!" Bi Nunu akaziba mdomo kwa pindo la leso yake. Mabega yakaanza kutikisika. Humam alijaribu kujizuia, akashindwa, na wote wawili wakacheka mpaka Mazoon akauliza kutoka nje kuna nini humo.

"Sasa hapo mwongo nani?" Bi Nunu akauliza, akifuta machozi.

"Tangu jana najiuliza. Sijapata jibu."

"Basi mie nafunga mdomo wangu. Hili si langu. Ni lako, ulitoe au ulimeze."

Humam akachukua soksi kutoka mkononi mwa Bi Nunu, akapita katikati ya kanzu zilizotundikwa, akatokea mbele, benchini.

Thani alikuwa katikati ya neno "telezi". Hakulimalizia.

"Ami Thani, shikamoo," Humam akasema, akainua soksi wote wawili waione. "Nimepigwa, ushahidi huu hapa. Lakini nilishaanza kuanguka kabla hajanifikia. Nilikuwa nnaitafuta ile penalti. Yote mawili ni kweli, na nyote mnayo sasa."

Hapo benchi likalipuka.

"Si nilisema! Alijiangusha! Kasema mwenyewe!"

"Kapigwa! Tazama matundu, ami! Refa angefanya nini, amngoje aanguke vizuri kwanza?"

"Angeanguka hata kama asingepigwa!"

"Na angepigwa hata kama asingeanguka!"

Wakaanza upya, mashuti kumi na moja, miti miwili, kila kitu. Kila mmoja sasa alikuwa na hakika kuliko dakika tano nyuma, na kila mmoja alikuwa na soksi ile ile ya kuonyesha. Ukweli ulikuwa umetoka hadharani na haukumnyamazisha mtu hata mmoja. Sisi tulikuwa tunacheka waziwazi, daftari limefungwa.

Bi Nunu alitoka akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Haya, nisikilizeni, na mie nna neno langu. Jana nimemwita huyu kijana mwongo, na sauti yangu mnaijua. Leo nasema kwa sauti ile ile. Nimemkosea. Angeweza kutoka na soksi tu akakunyamazisheni nyote, asingejua mtu. Kasema na lile la kumuumbua. Nani kati yenu angelisema?"

Thani aliinua kanzu zake tatu kutoka mapajani, akasogea, akapiga kiganja kwenye nafasi iliyo wazi.

"Kaa," akamwambia Humam. "Kombe bado la wizi. Lakini kaa."

Humam akakaa. Thani akaagiza vikombe vinne vya chai ya maziwa kutoka mgahawa wa jirani, na kimoja kikaja mezani kwa Bi Nunu. Humam mwenyewe alituruhusu kuyaandika haya, kwa sharti moja, tusiandike jina la beki. Alisema beki naye ana mama.

Hajar anataka mama yake apumzike, angalau aache jezi abaki na kanzu. Bi Nunu hataki kusikia. Mpango wake ni kinyume kabisa. Anaongea na chuo cha tatu, na akipata kazi yao ataongeza mashine ya tatu, ile kubwa, na kuajiri mwanamke mmoja wa mtaani kumsaidia. "Kazi ya jezi ina watu," anasema. "Kanzu hainiletei mtu wa kugombana naye."

Saa nne, jezi zote zilikuwa zinazunguka kwenye maji isipokuwa soksi moja. Hiyo aliifua kwa mkono, maji baridi, damu ikatoka. Ilipokauka juani alikaa nayo mlangoni na sindano na uzi wa damu ya mzee, akaanza kuziba tundu la kwanza. Mwezi wa kwanza vyuo hivi viwili vinakutana tena, ufunguzi wa msimu, na Humam atacheza.

Naye atakuwepo?

"Mbele kabisa, na kofia yangu. Nitaishangilia Pwani mpaka sauti inikauke." Akakata uzi kwa meno. "Lakini yule kijana akianguka, sisemi neno mpaka nipindue soksi."