Pombe ya Kuniaga

Chama chetu cha wanasayansi hakina chuo wala ndege. Kina mhuri. Kila mwaka hutakiwa kitaje jina la mtafiti mmoja anayefaa kupewa ufadhili wa kusoma ng'ambo, nacho huwaita wanachama, huwahoji, humchagua mmoja, hugonga mhuri na kupeleka jina. Kazi yake inaishia hapo. Wenye chuo kule ng'ambo hupokea majina kutoka nchi nyingi, wakachukua wanaowataka wao. Nimelieleza jambo hili mpaka mdomo umechoka, na nyumbani kwetu Murusagamba hakuna aliyeniamini.

Mimi ni mtafiti wa mihogo. Mashamba yangu ya majaribio yako Kaniha, Biharamulo, ambako nashinda juani nikikagua majani yenye ugonjwa wa batobato. Mara mbili niliomba chama kinitaje, mara mbili kikamtaja mwingine. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho, maana ufadhili ule hawapewi waliotimiza miaka arobaini, na mimi naitimiza Agosti. Mama nilimwambia hivyo hivyo: safari hii nikikosa, basi tena.

Simu ya katibu wa chama ilinikuta shambani. Nimetajwa. Nikampigia mama kabla hata sijanawa mikono.

Sasa, mama ni mtu wa jumuiya. Katika jumuiya ndogo za Kikristo kule kwetu, wanajumuiya wakishamtaja mtu, awe wa kusimamia sala au wa kutunza sadaka, mambo yamekwisha. Padri anakuja kubariki tu. Sijawahi kusikia padri amekataa. Kwa hiyo mama alikata simu, akaingia migombani, akaangusha mikungu ya ndizi za pombe na kuifukia shimoni iive. Kwetu mtu wa safari ndefu haagwi midomo ikiwa mikavu.

Nilipofika nyumbani, vumbi la kutoka Nyakanazi likiwa mpaka kwenye meno, nilikuta shimo limefukuliwa na ua mzima unanukia ndizi mbivu.

"Mama, chuo chenyewe hakijasema," nikamwambia. "Mbeleko haikatwi mwana hajazaliwa."

"Chuo kitasema nini, na wenzako wamekwisha kukutaja?"

Akanisogezea ndizi nimenye. Sikubishana. Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilitaka kuamini kama yeye. Nikamenya.

Katibu alipiga tena wakati juisi imeshakamuliwa, imetiwa mtama wa kukaanga na kufunikwa kwa majani ya mgomba. "Pole, dada yangu. Wamechukua wa nchi nyingine. Unajua sisi kazi yetu ni kutaja tu."

Najua. Hasira zilinipanda hata hivyo, nikatamani kumuuliza huo mhuri wao basi unafaa nini. Nikamwambia asante, maana ndivyo tulivyolelewa. Kisha nikamwendea mama jikoni, nikamwambia habari ilivyo, na kwamba tuwatangazie watu wasije.

"Pombe imekwisha kukamuliwa," akasema. "Irudi mgombani?"

Jumapili baada ya misa wanajumuiya walikuja. Waliimba, wakaniombea nisidhurike na baridi, ndege isianguke, nisisahau kusali. Nilikaa nimeinamisha kichwa, wao wakadhani ni unyenyekevu. Bibi mmoja, jirani yetu, alinipakatisha mfuko wa maharage, kwamba huko Ulaya wanakula mikate tu. Hapo moyo wangu uliuma kweli.

Ndipo mama aliposimama. "Mtoto wangu haendi," akasema. "Wenzake walimtaja, wakubwa wa kule wakamkataa. Pombe ni yenu, kunyweni."

Mwenyekiti wa jumuiya, mzee anayeniita mjukuu, alinigeukia. "Kwa hiyo katika chama chenu, watu wanataja halafu padri anakataa?"

"Anakataa, babu."

"Basi hicho si chama," akasema, akavuta kibuyu karibu. Watu wakacheka, hata mimi. Kicheko kilinitoka kizito, na nilishukuru kwamba kimetoka.

Walikunywa mpaka jua likashuka. Walipoanza kuondoka nilimfuata yule bibi nikamrudishia mfuko wake. Aliusukuma ukanirudia kifuani.

"Kaa nao. Mwaka kesho watakutaja tena, utakwenda nao."

"Amina," wakaitikia waliokuwa mlangoni. "Mwaka kesho."

Nami nikasema amina, ningesema nini. Mama peke yake hakuitikia. Alikuwa ameinama anaokota vikombe. Ndiye aliyenizaa, umri wangu anaujua.