Ng'ombe Mwenye Pembe Moja

Kosa langu la kwanza nilipoanza kuandika lilikuwa kupenda usahihi kupita kiasi. Miaka ile ya tisini, huko Matete, niliandika katika jarida la kanisa kwamba miwa ya jirani yetu ilikatwa, kisha kiwanda cha sukari kikaiacha ikauke shambani. Sikumtaja jina, ila nilimtaja ng'ombe wake mwenye pembe moja. Askari wa chifu wakamtambua mara moja, wakampeleka seli kwa madai ya uchochezi, eti ndiye aliyenipa maneno yale. Kila gari liliposimama barabarani nilidhani ni zamu yangu.

Alipoachiliwa alinijia. "Kijana, si ungeandika jina langu tu, umwache ng'ombe? Wenye jina langu hapa ni wengi, ila ng'ombe wa pembe moja ni mmoja."

Bado naamini dhuluma anayofanyiwa mkulima lazima iandikwe. Lakini siku hizi humsomea mhusika nilichoandika kwanza, na akikataa, sichapishi.