Shangazi Hataki Kuhama Stesheni

Shangazi yangu alizaliwa kijijini Lupepo kama sisi wote. Stesheni ilipofunguliwa kule chini, safari ya nusu siku kutoka kwetu, alipeleka mikungu mitatu ya ndizi kuuza na hakurudi tena. Nilipokuwa shule nilipelekwa kwake kila likizo. Mji ulikuwa umechangamka: gesti mbili, mashine ya kusaga, mafundi cherehani, kanisa linajaa mpaka nje. Treni ikisimama tulikimbilia madirishani na masufuria ya wali.

Kisha barabara ikawekwa lami, mabasi yakaja, treni ikawa inachelewa siku nzima, na mwishowe ikaacha kusimama. Watu wakang'oa mabati yao wakahama. Yeye akabaki.

Mwaka jana nilikodi gari nikaenda kumchukua. Nilikuwa nimemtafutia chumba Makandana, huku Tukuyu ninakoishi, karibu na hospitali, maana magoti yanamsumbua. Nikamkuta anapika.

"Leo siendi," akasema. "Treni inapita."

"Haisimami, Shangazi."

"Inapunguza mwendo."

Nilijizuia nisimjibu vibaya. Tukakaa mpaka alasiri, dereva wa gari kaninunia. Treni ya mizigo ikaja, na kweli ikapunguza mwendo. Mwanamume akainama kwenye mlango wa injini, akapokea hotpoti ya chakula, akamrudishia tupu ya safari iliyopita. Huyo ndiye mteja wake pekee. Mji mzima umekwisha, yeye anampikia mtu mmoja asiyeshuka.

"Umemwona?" akaniuliza. "Ana vidonda vya tumbo. Pilipili hali."

Nilirudi Tukuyu peke yangu, nimekasirika hata kuaga sikuaga vizuri. Chumba nikakiacha.

Miezi mitatu baadaye akanipigia simu. Yuko stendi ya Tukuyu, ananyeshewa, na mabati yake na masufuria yote, kashushwa na lori lililokuja kupakia viazi.

"Gwe, wewe, mbona hukuja kunichukua?"

Nikamwambia nilikuja. Akasema siku ile haihesabiki. Dereva wa treni amehamishwa, na huyu mpya anapita mbio, hata honi hapigi. Hapo sauti yake ikapungua kidogo. Nikatoka kwenda kumchukua.

Sasa analala chumba cha wanangu na kulalamika kwamba mvua ya huku Rungwe haikatiki. Jumatatu alianza kuwapikia ndugu wa wagonjwa pale Makandana. Nimemwomba apumzishe magoti. Amenituma kuni.