Gitaa Lililoingia kwa Vipande

Déogratias Muderhwa aliidanganya forodha akakamatwa. Kisha akaidanganya korali yake, na huko hakuna aliyemkamata. Uongo wa kwanza uliisha asubuhi moja. Wa pili alikaa nao Jumapili kumi na tisa.

Saa moja asubuhi yuko kazini. Chumba chake kiko nyuma ya soko la Kamembe, Rwanda, karibu na mpaka wa Kongo, kidogo kiasi kwamba mteja wa pili husubiri nje. Mezani kuna gitaa la bendi moja ya Bukavu, limefunguliwa mgongo, nyaya zinaning'inia. Muderhwa, mwenye umri wa miaka 52, anapasha moto chuma cha kuchomea risasi kwenye jiko la makaa kwa sababu umeme haujarudi.

"Huyu alifunga waya wa breki ya baiskeli mahali pa nyuzi," anasema bila kuinua kichwa. "Inalia, lakini inakula shingo. Banafanyaka vile juu nyuzi za kweli ni bei kali."

Kazi hii atalipwa franga elfu sita. Elfu nne atapeleka kwa mhazini wa korali leo jioni. Elfu mbili ndizo za nyumbani.

Muderhwa alizaliwa Mururu, wazazi wake wakitokea ng'ambo ya mpaka, Bukavu. Useremala alijifunza kwa baba yake. Kupiga gitaa alijifunza mwenyewe, kwa gitaa aliloliunda kwa mbao za kasha la samaki. Kwa miaka ishirini na mitatu aliipigia gitaa korali ya kanisa lao huko Mururu, yenye waimbaji thelathini na wanne, wengi wao wanawake wanaovuka kila siku kwenda kuuza nyanya, maziwa na parachichi Bukavu.

Mwaka 2023 gitaa la korali lilipasuka shingo. Muderhwa alikuwa ameshaliunga mara nne. Akawaambia ukweli kwamba mara ya tano haiwezekani. Wakachanga, mia mbili huyu, elfu yule, kwa miezi saba. Zilipofika franga 680,000 wakampa zote, kwa sababu yeye ndiye fundi.

"Walinipa ndani ya soksi," anasema. "Soksi ya mtoto, imejaa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia niandike karatasi."

Ana mdogo wake Liège, Ubelgiji, anayeitwa Birindwa. Birindwa alipata gitaa zuri la mtumba pamoja na kisanduku kinachokanyagwa kwa mguu ili kubadilisha sauti. Vyote viwili viligharimu euro 320, sawa na franga 448,000. Kuvituma kama mzigo mmoja kungegharimu franga 87,000 hivi. Ushuru na kodi Muderhwa hakuviulizia.

Badala yake alimpigia mdogo wake simu akamwambia alifungue gitaa vipande vipande. Shingo iende peke yake, mwili peke yake, kisanduku peke yake, kila kimoja siku yake. Kwenye karatasi ya shingo na ya mwili Birindwa aandike "mbao iliyotumika", na kwenye ya kisanduku aandike "redio mbovu".

Nilipomuuliza wazo hilo alilitoa wapi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa alijifunzia wapi kutembea.

"Hapa mpakani kila mtu anajua. Gunia la unga likipita zima, hiyo ni biashara. Likigawanywa kwa wanawake kumi, kila mmoja na beseni lake, huo ni unga wa nyumbani, hautozwi. Mama yangu alituleaka na hayo mabeseni. Nikajiambia, gitaa nalo ni mzigo, livunjwe."

Lakini mabeseni kumi hubebwa na watu kumi. Vifurushi vya Muderhwa vilikuwa na jina moja na namba moja ya simu. Vilitoka Liège siku tatu tofauti, vikasubiriana njiani, vikafika mpakani Rusizi siku moja kwenye gari moja. Alipoitwa forodhani alivikuta vimepangwa juu ya kaunta, kimoja juu ya kingine.

Afisa aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke kijana, Mukakalisa. Muderhwa anasema hakumpigia kelele hata kidogo, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Alifungua boksi la kwanza, akatoa shingo, akaiangalia vyuma vyake. Akafungua la pili, akautoa mwili. Akaviweka mezani, tundu nne za parafujo za shingo zikatazamana na tundu nne za mwili.

"Mzee, hizi mbao zinafahamiana," alisema.

Akamgeukia Muderhwa.

"Unafanya kazi gani, Mzee?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

Akajibu ni fundi wa magitaa. Nyuma yake kulikuwa na mstari wa wafanyabiashara wenye mizigo yao, na mstari ukaanza kucheka.

Mukakalisa alimpa bisibisi. "Basi unganisha. Nataka kuandika kitu ambacho nimekiona."

Aliunganisha mbele ya watu wote. Nyuzi zilikuwa ndani ya boksi la tatu, zimezungushiwa ile "redio mbovu". Alipomaliza, afisa akamwomba apige kidogo ajue kama ni zima. Wimbo pekee uliomjia ulikuwa wa korali, ule wa kufungulia ibada. Wanawake wawili katika mstari waliujua, wakaanza kuuitikia.

"Walikuwa wanaimba habari za Mungu, na mimi nimeshika mbao iliyotumika," anasema.

Mama mmoja muuza vitenge wa Kamembe, Nasiba, alimalizia: "Papa, sasa kumbe hata gitaa munapitishaka na beseni?" Mstari mzima ukacheka tena.

Alihesabiwa ushuru na kodi kwa thamani halisi, akaongezewa faini ya karatasi za uongo. Hakuwa na fedha za kutosha, gitaa likabaki ghalani siku ishirini na moja, na ghala nalo lina malipo yake.

Jumamosi ya tatu alienda mazoezini mikono mitupu. Wakamuuliza gitaa liko wapi. Akawaambia, "Duwani imekula zote. Wanataka franga 318,000 tena."

Hakutaja faini. Hakutaja vifurushi vitatu. Maneno yalikuwa machache, na hakuna aliyeyatilia shaka, kwa kuwa kila mmoja pale amewahi kulalamika juu ya duwani, yaani forodha. Walikuwa na fedha nyingine pembeni, za kununulia kitambaa cha sare mpya za Krismasi. Wakazitoa. Mzee mmoja akaongoza maombi, akamwombea afisa wa forodha moyo wa huruma. Muderhwa alisema amina pamoja nao.

Gitaa likaja. Lilikuwa na sauti nzuri kuliko chochote walichowahi kuwa nacho. Krismasi korali iliimba na sare za zamani, zilizopauka mabegani, na watu wa kanisa wakasema angalau gitaa ni jipya.

Risiti ya forodha aliikunja mara nne akaificha ndani ya gitaa lenyewe, nyuma, chini ya kibati kinachofunika nyaya. Alikifunga kwa parafujo zote sita. "Nyumbani mke wangu angeiona. Kuichoma niliogopa. Nikasema hapa hakuna atakayefungua isipokuwa mimi." Kila Jumapili aliivaa risiti hiyo tumboni akapiga.

Mhazini wa korali ni Honorine, mama wa watoto watano, anayevusha nyanya Bukavu tangu akiwa msichana. Machi mwaka uliofuata, mwisho wa mazoezi, korali nyingine ilituma mtu kuuliza namna ya kuagiza gitaa Ulaya. Honorine akageuka mbele ya wote.

"Papa Muderhwa, utawaambia weye. Weye njo unajua bei ya duwani."

Muderhwa alisimama. Anasema alikuwa na jibu tayari, refu, na lingepita. Badala yake alikaa chini, akaligeuza gitaa kifudifudi magotini, akatoa bisibisi mfukoni, akaanza kufungua. Parafujo sita huchukua muda. Akaitoa karatasi, akampa Honorine aisome kwa sauti, mpaka kwenye mstari wa faini.

Honorine aliisoma. Kisha akasema, "Miye nilijua tangu juma la kwanza gitaa lilipokuja. Nasiba aliniambia palepale mpakani, ati korali yenu iko na gitaa la beseni. Batu banacheka mpaka leo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakungojea."

Nilipomtafuta Honorine, nilimkuta akipanga nyanya kwenye beseni. Hakutaka kumsema vibaya. "Hatukumufukuza. Yeye njo alikataa kupiga. Alisema atashika tena gitaa siku ya kumaliza kulipa. Sawa. Lakini franga arudishe, zile zilikuwa nguo zetu." Akajitwika beseni, akaongeza, "Na miye nilimuombea yule afisa, mutoto wa batu, kwa bure."

Siku hizi gitaa linapigwa na binti wa miaka kumi na tisa, Uwamahoro, ambaye Muderhwa alimfundisha. Muderhwa mwenyewe hukaa benchi la karibu na mlango, pamoja na waliochelewa. Anapanga kumaliza deni kabla ya Krismasi, ili kitambaa cha sare kinunuliwe. Ameanza pia kuwaandikia watu wanaotaka kuagiza vifaa: bei ya kweli, mzigo mmoja, na ushuru uulizwe kabla ya kulipa chochote. Kwa huduma hiyo hatozi kitu.

Nilimwomba anipigie hesabu. Alichukua penseli ya useremala, akaandika kwenye kipande cha mbao.

Kama gitaa lingekuja zima na karatasi ya kweli: gitaa na kisanduku 448,000, usafiri 87,000, ushuru na kodi 150,000. Jumla franga 685,000. Korali ilikuwa imempa 680,000. Zilipungua elfu tano.

Jinsi lilivyokuja: gitaa na kisanduku 448,000. Usafiri wa vifurushi vitatu 172,000. Ushuru na kodi, ambavyo hupanda pamoja na usafiri, 174,000. Faini 180,000. Ghala 24,000. Jumla franga 998,000.

Akatoa ya kwanza kutoka ya pili, akapata 313,000. Hilo ndilo deni lake. Amelipa 85,000. Zimebaki 228,000, yaani magitaa hamsini na saba, akitoa elfu nne kila gitaa.

Chini yake akaandika: sare 34. Akafikiri kidogo, akaongeza: Jumapili 19.