Chuma cha Diko la Ng'ambo

Mwanangu, ipo siku moja inayonijia kila nikisikia chuma kinagongwa, hata kama ni fundi tu ananyoosha bati. Ilikuwa mchana, jua limesimama utosini, upepo hakuna, na mto Ruvu umetulia kama mafuta ndani ya sufuria. Nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye diko la ng'ambo, yaani pale pantoni inapofikia upande wa pili, na sikuwa nimefungua mdomo wangu tangu asubuhi.

Lakini nianze nyuma kidogo. Umeniambia kwamba umepewa watu wa kuwasimamia, na unataka kazi yao iende vizuri kuliko ilivyokuwa. Jambo jema. Kunywa kahawa yako taratibu, nami nitakueleza taratibu, maana sijui kueleza kwa namna nyingine.

Miaka ile, kabla ya vita vya pili vya Wazungu, mimi nilikuwa kijana wa pantoni kaskazini ya Bagamoyo. Hatukuwa na injini. Kulikuwa na kamba ya chuma iliyovuka mto, nasi tuliivuta kwa mikono, watu, mbuzi na magunia vikiwa juu. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Kondo, tuliyemwita serahangi, kama mabaharia wanavyomwita mkubwa wao. Mwenzangu wa karibu alikuwa Pazi, kijana mwenye maneno mengi. Mimi nilikuwa na aibu. Nilisoma shule ya msingi nikaacha, na nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja nilikuwa sijui nimjibu yupi kwanza.

Diko la ng'ambo lilikuwa halionekani kutoka kwetu. Matete yalikuwa marefu kupita mtu, pande zote mbili. Kwa hiyo mwenye kutaka kuvuka alisimama kule akaita, nasi tukamfuata. Lakini Mzee Kondo alikuwa na utaratibu wake. Mtu akiita mara ya kwanza, hatukuinuka. Akiita mara ya pili, tuliweka chini vikombe. Akiita mara ya tatu, ndipo serahangi aliposema, "Fungueni."

Sababu tuliijua sote, ingawa haikuzungumzwa mbele ya wasafiri. Zamani, Mzee Kondo alipokuwa kijana, waliitwa mchana kama ule, wakavuka kwa wito wa kwanza. Dikoni hawakumkuta mtu. Ndugu mdogo wa Mzee Kondo akashuka, akaingia kwenye matete kumtafuta aliyeita. Walimsikia akisema, "Nimemwona, yuko hapa." Basi. Hawakumwona tena yeye wala huyo aliyemwona. Tangu siku hiyo ikawa ni kungoja wito wa tatu, kwa sababu wazee walisema kile kitu cha kwenye matete hakiiti zaidi ya mara moja.

Sasa akaja msimamizi mpya kutoka Tanga, Bwana Hemedi, mtu mpole, mwenye saa ya mnyororo mfukoni. Alipotutazama kazini alitusifu. Tangu kufungua kamba hadi kurudi, hatukuwa na uzembe. Lakini kila aliyevushwa alishuka akinung'unika, na Bwana Hemedi hakuelewa.

"Watu wa hapa wanavuta vizuri," aliniambia. "Basi manung'uniko yanatoka wapi? Salehe, kesho nenda ukakae ng'ambo. Usiite, usiseme na mtu. Nitazamie tu mtu anangoja kiasi gani tangu anapofika."

Saa hakunipa, alikuwa nayo moja tu. Nikachukua kifuu cha nazi, nikakitoboa tundu dogo chini, nikawa nakiweka kielee juu ya maji kwenye sufuria. Kikijaa kinazama, nami nakiinua tena. Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu.

Nilijifunza mengi kule, mwanangu. Kwetu, kungoja wito wa tatu kulikuwa ni kumaliza kikombe cha kahawa. Kule ng'ambo kulikuwa kitu kingine. Mzee aliita, akakohoa, akakaa chini kupumzika ndipo aite tena. Mama mwenye mtoto mgongoni aliona haya kupiga kelele mbele ya wanaume, akangoja aje mwanamume amwitie. Kifuu kilizama, nikakiinua, kikazama tena, na mtu yuko palepale anatazama matete.

Nilikuwa na sababu yangu ya kuyatia hayo moyoni. Dada yangu Mwanahawa alikuwa ameolewa upande ule, na alikuwa mja mzito wa mimba ya kwanza. Kwa desturi yetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama, nasi kwetu ni Bagamoyo. Alikuwa ametuma habari kwamba atavuka Alhamisi. Na Mwanahawa alikuwa kama mimi. Nyumbani kwetu hatukufundishwa kupaza sauti. Nikawaza, huyu ataitaje mara tatu?

Ndipo ukafika ule mchana niliokuambia. Wasafiri wote walikuwa wamekwisha vuka. Nilikuwa natazama kifuu. Ndege waliokuwa wakilia kwenye matete wakanyamaza, nami nikahisi kama mtu aliyesimama nyuma yangu amevuta pumzi. Sikugeuka. Kifuu kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, lakini hakikuzama. Kilikaa vile, kimejaa, juu ya maji.

Kisha nikaona kamba inatikisika, na pantoni ikatokea kwenye uwazi wa matete. Juu yake Pazi anacheka.

"Leo umekunywa nini, Salehe? Sisi hatukujua kwamba una sauti kama muadhini."

"Sauti gani?"

"Umetuita. Salehe hapa, Salehe hapa, njooni. Tena mara tatu, kwa madaha."

"Mimi sijaita," nikasema.

Pazi aliacha kucheka. Mzee Kondo alinitazama usoni kwa muda, akanyoosha mkono. "Panda," akasema. "Usichukue kitu. Acha sufuria." Nilipanda, tukaanza kuvuta kurudi kwetu. Nilipogeuka kutazama, kifuu kilikuwa bado kinaelea.

Jioni ile serahangi alitoa amri mpya. Wito wa tatu hautoshi tena. Mchana, jua likiwa utosini, hatuvuki kabisa, aite yeyote atakayeita. Bwana Hemedi alibisha kwa upole. Mzee Kondo akamjibu kwa upole vilevile, "Bwana, mimi nilikuja kazini na ndugu yangu, nikarudi nyumbani peke yangu. Hawa nataka warudi wote." Nawe usimcheke Mzee Kondo. Utaratibu wowote utakaoukuta kazini, hata uwe wa ajabu vipi, kuna mtu aliumia kabla haujawekwa.

Alhamisi ikafika. Adhuhuri tulikuwa tumekaa kibandani, tumetoka kuswali, mto umetulia tena kama siku ile. Tukasikia sauti ya mwanamke kutoka ng'ambo, nyembamba, kama inaomba radhi.

"Kaka Salehe. Nimefika."

Nikainuka. Mzee Kondo akanishika mkono.

"Mzee, ni dada yangu."

"Sauti ni ya dada yako," akasema. "Juzi sauti ilikuwa yako."

Yule alikuwa Mwanahawa, au kilikuwa kile kitu kilichonisikia nikimwaza. Sauti ikaja tena, safari hii imekatika katikati, kama mtu aliyeumwa. Kisha kimya. Pazi alikuwa anatazama miguu yake. Nikasema, nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kusema neno mbele ya wote bila kuulizwa, "Serahangi, akiwa ni yeye, hana nguvu ya kuita tena. Nifungulieni mtumbwi niende peke yangu."

"Ndugu yangu naye alitaka kwenda peke yake," akasema Mzee Kondo, asiuachie mkono wangu.

Tukangoja. Sijui nikuelezeje kungoja kule. Sikuwa na kifuu, na nilishukuru kwamba sikuwa nacho.

Mara ukaja mlio. Ngaa. Ngaa. Ngaa. Chuma juu ya chuma, bila mpangilio, kwa hasira. Juu ya mlio huo, sauti ya mwanamke mtu mzima:

"Nyinyi wavuta kamba! Mmekufa au mmeoa huko? Kondo, mwana wa mama yako, utaleta hicho chombo chako au nije nikivute kwa meno?"

Pazi akasema polepole, "Jini gani hili linalomjua mama yake serahangi?"

Mzee Kondo alikuwa amekwisha simama. "Miaka yote," akasema, "sijapata kusikia kile kitu kikigonga kitu. Kina sauti tu. Huyu ana mikono. Fungueni."

Hatujavuta vile tena. Dikoni tulimkuta Mwanahawa amekaa juu ya mzigo wake, jasho linamtoka, na mama mkwe wake, Bi Zainabu, aliyetoka dukani kumfuata, amesimama na sufuria yangu niliyoiacha juzi mkono mmoja, na jiwe la chuma, lile la mizani ya dukani kwake, mkono wa pili. Sufuria ilikuwa imebonyea yote. Tulimpandisha dada yangu, hakuna aliyeshuka zaidi ya hatua moja, tukageuza.

Njiani Mzee Kondo alijaribu kujieleza. Alimwambia Bi Zainabu habari za matete, na za ndugu yake, na kwa nini tunangoja. Bi Zainabu alimsikiliza mpaka mwisho huku akimpepea mkwewe kwa upande wa kanga. Kisha akamwambia, bila ukali:

"Pole, Kondo. Ndugu yako nilimjua. Lakini utaratibu wako wote ni wa kuwalinda nyinyi mlioko huku. Wa kumlinda yule anayengoja kule mmeuweka wapi?"

Mzee Kondo alishika kamba. Akainama akavuta kama kijana.

Mtoto alizaliwa nyumbani kwa mama alasiri ileile, msichana, mzima. Ni binamu yako Mwanaidi huyo unayemwona, asiyejua kusema kwa sauti ndogo.

Baada ya hapo walikaa watatu, Bwana Hemedi, Mzee Kondo na Bi Zainabu, mimi nikiwaletea kahawa, wakapanga upya. Kikatafutwa kipande cha reli, kikatundikwa kwenye gogo la diko la ng'ambo pamoja na nyundo yake. Mwenye kutaka kuvuka agonge. Mlio mmoja unatosha, mzee hakohoi, mwanamke haoni haya. Sauti tupu hatuifuati, na anayevuta hashuki. Bwana Hemedi naye alibadili pa kuanzia saa yake. Hakuanza tena kuhesabu pale serahangi aliposema "fungueni." Alianza chuma kilipolia. Manung'uniko yakaisha. Kile kitu cha kwenye matete, kama ndicho, kiliita siku nyingi, kwa sauti zetu zote, na hatukwenda.

Ningeweza kuishia hapa, ungefurahi, ungeondoka. Lakini imebaki kidogo.

Mwaka wa pili wake, mchana mmoja usio na upepo, chuma kililia. Mara moja tu, taratibu, kama mtu anayejifunza. Tulivuka. Dikoni hapakuwa na mtu. Chuma kilikuwa bado kinabembea, na nyundo iko chini kwenye mchanga, na mchangani hapakuwa na unyayo wowote isipokuwa wa ndege.

Tulimtazama serahangi. Alikuwa amezeeka sana kufikia wakati huo. Aliangalia matete kwa kitambo, kisha akashusha ubao wa kupandia, kama anavyomshushia msafiri yeyote, akasimama kando. Baada ya hapo akauinua ubao, akasema, "Haya, twendeni."

Mwanangu, pantoni ilirudi nzito. Nimeivuta miaka mingi, naujua uzito wake ikiwa tupu na naujua ikiwa na mtu. Maji yalipanda ubavuni. Tulipofika kwetu, Mzee Kondo akashusha ubao tena. Akasema, kwa sauti ya mtu anayesema na mdogo wake, "Karibu nyumbani. Shuka salama." Tukasimama pale, na tukaiona pantoni ikiinuka polepole, kama mtu amenyanyua mguu wake kutoka juu yake.

Jioni Bwana Hemedi akauliza, kwa maana aliona tulivyorudi, "Ile safari ya mchana niiandike kuwa ya bure?"

"Ihesabu," akasema Mzee Kondo. "Chuma kililia, tukaenda."

Tangu siku ile hatukuitwa tena na sauti isiyo na mtu.

Basi nasaha yangu ni hii. Utakapopima kazi ya watu wako, usianzie pale mfanyakazi anapoinuka, anzia pale aliyemjia anapofika na kusimama. Ukikuta wanangoja, wanazunguka, wanarudia jambo lisilo na maana kwako, usilifute kabla hujauliza nani aliumia, na ukishajua, uliza pia nani anaumia sasa kwa sababu ya kinga hiyo. Mpe asiye na sauti kitu cha kugonga. Na kikigongwa, nenda. Usikae kupima kwanza kama aliyegonga anastahili. Zipo safari utakazokwenda ukadhani umekwenda bure, nawe zihesabu hizo pamoja na nyingine.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe masikio ya kusikia kabla hujaitwa mara ya pili, aiweke mikono yako juu ya kamba, na siku utakayosimama wewe kwenye diko la ng'ambo, akukute mtu wa kukuvusha. Amina. Na kikombe usikiache nusu, kimekwisha poa.