Sumayiya Aacha Kiti cha Akina Mama

Saa moja asubuhi, kabla wanunuzi hawajafurika soko la Nakivubo jijini Kampala, Sumayiya Abdul-Karim ameinamia beseni la maji ya sabuni. Mkono mmoja ameutia ndani ya kiatu cha mtumba, mwingine unasugua pembe za soli kwa mswaki wa meno. Akimaliza anakijaza magazeti makuukuu kisipoteze umbo, kisha anakiegemeza mezani, ulimi nje, kipate jua.

"Kiatu unaosha kama mtoto," anasema. "Huanzi na uso. Unaanza nyuma ya masikio."

Sumayiya, miaka hamsini na mbili, ni Mnubi mzaliwa wa Kampala. Viatu hivi vimesomesha mabinti zake wawili. Siku njema huuza jozi sita. Siku ya mvua huenda hata moja isitoke.

Kwa miaka minane amekuwa mwakilishi wa akina mama katika kamati ya chama cha wauza viatu na soksi, kiti ambacho mwanamume hakigombei. Jumamosi hii, siku ya uchaguzi, anakiacha, awanie uenyekiti, ulio wazi kwa wote. Kanuni za chama haziruhusu mtu kugombea viti viwili. Akishindwa, atatoka mikono mitupu.

Mpinzani wake ni Wandera, Mkenya mwenye kicheko kikubwa, jirani yake wa meza. Ndiye humwangalizia bidhaa anapokwenda kuswali.

"Mama Jalia, kiti yako si iko?" anamchokoza, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa. "Katiba ya Uganda inasema sisi wote tuko sawa. Sasa unataka yako na yetu pia?"

"Yenu? Nani aliwapa?" Sumayiya anamjibu. "Hiyo Katiba imesema tuko sawa, na imesema tena aliyeachwa nyuma ainuliwe. Wewe ssebo, bwana mzima, unasoma mstari moja, unafunga kitabu!"

Meza za jirani zinaangua kicheko. Wandera naye anacheka, ila hajamaliza.

"Basi ukishinda, ile ya akina mama tuitoe."

"Hapana. Ile ibaki." Mswaki unatulia. "Bila ile, nisingejua hata mlango wa mkutano uko upande gani."

Kwa kiti hicho alipigania choo cha wanawake hadi kikatiwa mlango na komeo. Zamani mmoja akiingia, mwenzake alishika leso mlangoni kwa nje. Lakini alipoinua mkono kuhusu paa linalovuja, aliambiwa asubiri zamu ya mambo ya akina mama.

"Nikawauliza, hii mvua inachagua viatu ya wanawake?"

Adero, muuza soksi wa meza ya tatu, ndiye anayegombea kiti kinachoachwa. Ana wasiwasi.

"Hapa kura ni kupanga mstari nyuma ya mtu," ananong'ona. "Kila mtu anakuona. Leo nasimama kwa Mama Jalia, kesho namtazamaje Wandera?"

Mgombea naye husimama mbele, akiwapa watu mgongo, wala haruhusiwi kugeuka mpaka hesabu iishe. Hilo ndilo linalomkosesha Sumayiya usingizi: kusimama pale asijue kama nyuma yake kuna watu au upepo mtupu.

"Nikishinda, paa kwanza," anasema. "Nikishindwa, uchaguzi ujao nasimama tena."

Adero anakunja soksi, anazikunjua, anazikunja tena. Kisha anapaza sauti soko zima lisikie:

"Jumamosi mtu wa kwanza nyuma yako ni mimi!"

"Nimesikia!" Wandera anapiga kelele. "Mama Jalia, hata hugeuki kumshukuru mtoto wa watu?"

Sumayiya ameshikilia kiatu chake, macho mbele.

"Niache," anasema. "Nafanya mazoezi."